Kivuli cha Herufi ya Mwisho

Bango la duka lile linasema NI MARUFUKU KULALA BARAZANI, na nimeliandika mimi. Nililiandika enzi ambazo fundi mabango alikuwa mtu: tukipanda ngazi, wapita njia walisimama kutazama. Siku hizi kijana anabonyeza kitufe, mashine inatapika plastiki, na herufi haina hata tone la jasho.

Wakati huo nilikuwa na chumba, kitanda na rafu ya vitabu vya mitumba. Humo nilijifunza kwamba wataalamu wa jamii wamegawanyika: wengine wanasema maskini huponzwa na tabia zake, wengine wanasema ni mfumo wa ajira na makazi. Nilikuwa upande wa kwanza, maana nilikuwa na chumba. Kazi zilipokauka na mwenye nyumba akanitolea kitanda nje, nilihamia upande wa pili, mimi na maboksi yangu ya kulalia.

Asubuhi moja mlinzi wa duka alinigusa kwa ncha ya kiatu.

"Mzee, bango hulioni?"

"Naliona. Nimeliandika mimi."

"Basi ungeongeza 'isipokuwa mimi'."

Mwenye duka akafika, mama mwenye haraka zake. Akalitazama bango lililopauka. "Ndiyo maana wanalala, halisomeki! Baba, lipake upya. Na ulale papo hapo ulilinde, rangi mbichi isije ikashikwashikwa."

Kulinda rangi mbichi ilikuwa desturi ya kazi yetu. Nilidhani imezikwa.

Nikajiona mjanja: maadamu bango halijakamilika, baraza ni langu. Nikasugua polepole. Nikapaka rangi ya chini, nikaisubiri. Nikapaka ya juu, nikaitia kasoro, nikairudia. Mimi niliyewaita wasio na makao wavivu, sasa nilikuwa mvivu kwa ustadi wa hali ya juu. Hatimaye kikabaki kivuli cha herufi ya mwisho tu, ule mstari mweusi wa ubavuni unaoifanya herufi ionekane imeinuka, nami nikakusudia kibaki hivyo mpaka nizikwe.

"Kivuli lini, mzee?" mlinzi aliniuliza kila asubuhi.

"Hali ya hewa si nzuri."

"Jua lote hili?"

"Ndilo linaloharibu."

Kisha akapita bwana mmoja na mkewe. Akasimama, akaliangalia bango kwa kuridhika. "Ona kazi safi, mke wangu. Mashine za siku hizi hazikosei."

Mashine! Nilipanda ngazi kama mtu aliyeazima miguu ya kijana. "Tazama, bwana! Mashine ina mkono huu?" Nikakivuta kile kivuli kwa pumzi moja, bila rula, kikakaa sawasawa. Nilipogeuka, yule bwana alikuwa ameshakwenda zake.

Mlinzi alicheka mpaka akaegemea mlango. "Mzee wangu, umejifukuza mwenyewe!"

Nikavuka barabara nilitazame kwa mbali. Lilikuwa zuri mno. Nikarudi kukunja maboksi.

"Duka la jirani lina bango la kukataza kulala?" nikamuuliza mlinzi.

"Halina."

"Mwambie mwenye duka hilo kwamba analihitaji. Leo nalala pale, ajionee."