Leso Kati Yangu na Mkwe

Waliokuwepo siku hiyo ni hawa. Mimi mwenyewe, mwenye boma. Mke wa shemeji yangu, ambaye ni mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama, na ambaye tumegawana ua mmoja tangu tuolewe, na wivu mmoja pia. Binti yangu wa mwisho, tumbo lake likiwa limebakisha kama mwezi. Mume wake, yaani mkwe wangu, anayebeba watu kwa baiskeli pale Adungosi. Wasichana wawili wa chuo cha ufundi, walioitengeneza mashine. Mwalimu wao, mwenye viatu vyeupe. Na kuku, ambao ningewaacha nje ya orodha, lakini na wao walichangia.

Majina ya wote ninayo, pamoja na ya baba zao. Mjukuu wangu ndiye ameniambia nisiyaandike, ati watu siku hizi wanashtaki. Basi nimeyameza. Ukinikuta sokoni uniulize, nitakutajia hata yale waliyoitwa utotoni na hawayapendi.

Sasa, muhogo. Huku kwetu Bukhayo tunaumenya, tunaukatakata vipande vyembamba, tunauanika, halafu unasagwa pamoja na mtama, ndio ugali wetu ule mweusi. Kikundi hukaa chini pamoja, kila mama na kisu chake, na hapo habari zote kutoka Malaba hadi ziwani hukatwakatwa pia. Mimi nilikuwa nawashinda wote kwa mbio. Halafu vidole vyangu vikaanza kukataa kukunjika. Kwanza vilikataa asubuhi tu, baadaye vikakataa kutwa nzima. Siku moja kisu kikaniponyoka, kikatua karibu na mguu wa mwenyekiti. Siku iliyofuata akanipa fimbo, akaniambia nikae kule kwenye turubai ya kuanikia nifukuze kuku.

Kufukuza kuku. Kazi tunayompa mtoto ambaye bado hajui kufunga vifungo vya shati. Na turubai iko mbali na wanaokata, kwa hiyo nilikuwa nasikia wakicheka bila kujua wamecheka nini. Njaa naweza kuivumilia. Kicheko ambacho sijui kimetoka kwa nani, hapana.

Hao wasichana walipokuja mara ya kwanza kuuliza tuna shida gani, kila mtu alitaja maji na barabara. Mimi niliwanyooshea vidole vyangu, nikawaambia wavikunje wenyewe kama wanaweza. Walivishika, wakatazamana, mmoja akaandika kitu kwenye daftari. Nikajua wamekwenda kama wengine wanavyokwenda. Kumbe sivyo. Miezi ikapita, wakarudi na mashine juu ya pikapu.

Walikuwa wamechukua baiskeli mbili nyeusi za zamani, zile zilizokuwa zikivusha mizigo mpakani kwa njia ambazo hazina askari. Nilizijua vizuri, maana mimi mwenyewe nilishawahi kuwa mzigo juu ya moja, nimevaa magauni mawili na sukari katikati. Askari wa wakati ule wote wamestaafu, kwa hiyo naweza kusema. Wasichana walizikata kwa nyuma, wakaziunganisha zikatazamana, na katikati wakaweka kifuniko cha pipa kilichofungwa visu. Watu wawili wanakaa, wanakanyaga, kifuniko kinazunguka, na wewe unausukuma muhogo kwenye bomba kwa kiganja, bila kukunja kidole hata kimoja. Walifanya viti viwili kwa sababu mtu wa umri wangu hawezi kuizungusha peke yake. Hapo walifikiria vizuri. Ila wakikaa wawili, wanatazamana uso kwa uso, na magoti yanakaribia kugusana. Chuoni walikuwa wameijaribu wao kwa wao, wakaona hakuna tatizo.

Mashine ilikuwa moja na vikundi viwili, chetu na kingine cha Adungosi. Mwalimu angekuja kuona wenyeji wakiitumia kwa miguu yao. Ikifanya kazi kwetu, inabaki. Ikishindikana, inapanda pikapu siku hiyo hiyo na kwenda Adungosi.

Na siku aliyoichagua mwalimu, kukawa na mazishi upande wa pili wa Bukhayo. Kikundi chote kilienda. Tulibaki mimi na mwenyekiti kwa ajili ya mgeni, na binti yangu aliyekuwa ameletwa na mumewe kunisalimia. Huyo mumewe, kwa heshima, alikuwa amejificha nyuma ya jiko tangu afike. Mkwe wangu ana heshima. Kwa miaka mitano nilikuwa namjua kwa kisogo na kwa kengele ya baiskeli yake.

Tulipanda mimi na mwenyekiti. Tukakanyaga mara tatu. Mara ya nne goti lake likalia kama mlango wa ghala. Akashuka polepole, akasema kazi ya mwenyekiti ni kusimamia.

Wasichana wakataka kupanda wao. Mwalimu akakataa, akasema nyinyi mmeitengeneza, nataka kuona wenye nyumba. Akamtazama binti yangu, akaliona tumbo. Akatazama huku na huku, akaona mguu mmoja umechomoza nyuma ya jiko.

"Boss," akaita, "wewe una miguu. Njoo ukae hapa na mama."

Mguu ukarudi ndani.

Mwenyekiti akawaeleza wasichana kwamba huyo ni mkwe wangu, kama mtu anayeeleza kwamba huo ni moto. Mmoja wao, yule mrefu, akafurahi, akanigeukia kama bibi yake.

"Si basi ni familia?" akasema. "Ndiyo itakuwa rahisi zaidi, shosho."

Maskini. Amesoma mpaka anajua kuunganisha chuma, na hakuna aliyemwambia kwamba mama mkwe na mkwe hawapeani mkono, hawakai kiti kimoja, hawaangaliani usoni. Mimi nikimwona mkwe anakuja njiani, naingia kwenye mahindi, hata kama mahindi ni ya mtu.

Mwalimu akatazama saa. Dereva wa pikapu akawasha gari. Mimi nikaiona ile fimbo ya kuku imeegemezwa ukutani, inanisubiri.

Nikaanza kuipanga ile sheria kichwani. Kupeana mkono, hakuna, mikono yake iko kwenye usukani na yangu kwenye bomba. Kiti kimoja, hakuna, viti ni viwili. Imebaki sura tu. Nikavua leso niliyojifunga kiunoni, nikamwambia binti yangu aifunge kwenye chuma cha katikati, kutoka juu mpaka kwenye magoti.

Mwenyekiti akashika kiuno. "Sasa leso imekuwa ukuta?"

"Nyumba uliyoolewa ndani yake ilikuwa na ukuta wa nyasi," nikamwambia, "na ulizaa watoto saba."

"Na cheni? Cheni inapita kwako na kwake. Si ni kama mmegusana?"

"Hata barabara ya Malaba inapita kwangu na kwake."

Akaachia kiuno, jambo ambalo ningependa liandikwe mahali.

Mkwe akaletwa, anatembea kinyumenyume, akapanda. Kwa chini ya leso niliviona viatu vyake tu. Tukaanza. Kifuniko kikazunguka kama mtu anayesinzia, muhogo ukaingia mzima na kukwama. Nikaelewa shida mara moja. Pedeli zimeunganishwa, akikanyaga kwa nguvu, na miguu yangu inakimbia. Kwa hiyo alikuwa anakanyaga kwa adabu. Mtu anayepandisha mlima na magunia mawili ya saruji, leo anakanyaga kama anapita juu ya mayai.

Na mimi na yeye hatusemezani moja kwa moja. Nikamwambia binti yangu, "Mwambie mume wako akanyage."

Binti akamgeukia mtu aliyekuwa umbali wa mkono mmoja. "Mama anasema ukanyage."

Sauti ikatoka nyuma ya leso, ndogo kabisa. "Mwambie mama naogopa kumwangusha."

"Mwambie nimewahi kuanguka kutoka kwa baiskeli nikiwa na kilo kumi za sukari chini ya gauni na nikainuka."

Hiyo binti yangu hakuipeleka. Alikuwa anaisikia kwa mara ya kwanza.

Basi nikaamua mimi ndiye nitakayemkimbiza. Nikaisukuma ile pedeli kwa mapaja, kwa mgongo, kwa hasira ya miezi yote ya fimbo. Viatu vyake vikaanza kuzunguka bila ruhusa yake. Kwanza akashtuka, halafu nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia kwa miaka mitano. Mkwe wangu anacheka. Anacheka kwa pua, kama mbuzi mwenye mafua. Akiwa bado anacheka akakanyaga kweli, na vipande vya muhogo vikaanza kuruka, vyembamba, vyeupe, beseni likajaa, tukaletewa la pili.

Kuku nao wakasikia. Wakaja kutoka maboma matatu. Wasichana walikuwa wanapiga picha, mwalimu anakinga viatu vyake, binti yangu hawezi kuinama. Mwenyekiti akatazama kushoto, akatazama kulia. Akaichukua fimbo.

Nilikanyaga tu, nikimwangalia.

Tuliposhuka, mkwe alipotea nyuma ya jiko na pikapu ikaondoka tupu. Kabla ya hapo yule msichana mrefu aliishika leso, akauliza ni ya nini hasa. Mwenyekiti akaangalia chini kwa aibu. Mimi nikasema ni ya kuzuia maji ya muhogo yasiruke machoni. Akaandika hivyo hivyo.

Wasichana walirudi juzi. Mashine zao mpya zote zina bati katikati ya viti viwili, na wameliita kinga ya macho. Hata Adungosi wamepelekewa yenye bati. Wale hawajui wanakingwa na nini. Yangu wamenibadilishia pia, lakini leso ilikuwa bora, kwa maana kupitia bati kicheko cha mkwe hakisikiki vizuri.

Hivyo ndivyo ninavyokumbuka. Kama nimekosea mahali, kama beseni lilikuwa moja, au kama goti lililia mara ya tano na si ya nne, mje mnisahihishe. Mwenyekiti ameshaanza. Anasema hakufukuza kuku, alikuwa anawaelekeza. Mnaokumbuka kama yeye mnaweza kumsaidia kule kwenye turubai. Wengine, nipo hapa kwenye mashine, na muhogo umeshamenywa.