Koti la Studio

Tangu Wazungu waanze kufunga mizigo, kila kijana wa Kakamega anataka ukarani, na kila anayetaka ukarani anakimbilia kupigwa picha. Studio ya karibu na soko ina koti jeusi moja, nawe unaazimwa kwa muda wa picha tu. Mimi nilikataa. Sura kama yangu haihitaji koti la mtu.

Jumatatu tulipanga foleni kwenye ofisi ya wilaya. Kijana mmoja wa Malava akaweka mezani picha yake, amevaa koti la studio. Bwana mkubwa wa ofisi akaitazama, kisha akamtazama mwenyewe na shati lake lenye kiraka.

"Huyu wa picha ndiye namtaka. Wewe ni nani?"

"Ni mimi, mzee."

"Basi kesho kuja kama huyu wa picha."

Kesho yake nilikuwa pale pale, maana siku hizi sibanduki. Kijana akaja amevaa koti lile, jasho likimtiririka. Nyuma yake, mlangoni, alisimama mpiga picha, hatulii, mara mguu huu, mara ule.

"Na wewe unaomba kazi?"

"Hapana, mzee. Nangoja koti yangu. Watu wamejaa kule studio."

Bwana mkubwa alicheka mpaka akavua miwani. "Haya, mrudishie. Wewe kijana kaa pale, shika kalamu."

Nyinyi mnaosema picha iwe ya kweli, nawaunga mkono. Yangu ni ya kweli tupu: shati langu, kifungo kimoja hakipo. Iko mezani kwa yule bwana mpaka leo, na bado hajaniuliza mimi ni nani.