Msiba wa Darasa la Nne

"Mwalimu Samiha amefiwa na bibi yake, na msiba wenyewe anauficha."

Ndivyo alivyoingia mama jirani, Evangelina, uani kwa Vero asubuhi ile, pale Kibingo, bila hata hodi, jembe begani na khanga imekazwa kiunoni kama mtu anayekwenda kushtaki. Vero alikuwa amekaa kizingitini anamnyonyesha Jovin, kitindamimba wake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umesikia nilichosema? Anauficha! Watu wazima tunalima kama hakuna kilichotokea, kumbe kuna maiti."

Hapo ndipo palipomuuma. Kwao, msiba ukiingia kijijini jembe linalala, na anayelima siku hiyo atasemwa mpaka wajukuu zake waoe. Evangelina alikuwa ameshapalilia maharage kipande kizima, na sasa alijiona kama mtu aliyekula nyama Ijumaa Kuu kwa kudanganywa kwamba ni uyoga.

"Nani kakwambia?" Vero akauliza.

"Watoto! Jana jioni nimekutana nao njiani, darasa la nne lote, macho mekundu kama wametoka kumenya vitunguu. Nikamkamata yule wa Cleophace, nikamwambia sema. Akasema Bibi Kokuberwa ametutoka. Na Mwalimu mwenyewe alijifuta machozi na mtandio."

"Kokuberwa yupi?"

"Atakuwa bibi upande wa mama yake. Mama yake si Mnyambo mwenzetu?"

Vero akamhamishia Jovin titi la pili. Jina hilo alilijua kuliko alivyolijua jina la mama mkwe wake. Bintiye mkubwa, Ainembabazi, alikuwa akilileta nyumbani kila jioni: Bibi Kokuberwa ana mbuzi mkorofi, Bibi Kokuberwa anaibiwa kahawa iliyoanikwa mkekani, Bibi Kokuberwa kamkimbiza mjumbe na mwiko. Alikuwa bibi wa kitabuni. Jana tu mtoto alilala mapema bila kusimulia.

"Lakini mama, mimi nadhani huyo bibi..."

"Wewe mtoto unadhani nini? Maiti haidhaniwi. Toa mkungu wa ndizi, twende kwake shuleni."

Evangelina ni mtu wa kuambiwa jambo mara moja. Mara ya pili anakujibu yeye. Na Vero naye, tusimpambe, alitaka kuona itakuwaje. Akamfunga Jovin mgongoni, akaweka ngata na mkungu kichwani.

Samiha ni binti wa Ukasha, mwenye duka la sukari na vitenge kule Isingiro, ambaye babu zake walitoka Tanga. Ni mfupi, ana mwanya, na macho yake ni ya mtu aliyeficha kitu nyuma ya mgongo. Alipokuwa mdogo alikaa chini ya meza ya duka akiwaiga wateja: anayeonja sukari mpaka inapungua kwenye kipimo, anayesifia kitenge kisha anaondoka bila kununua. Baba yake alitaka arithi duka. Yeye akaenda chuo cha ualimu.

Alipokabidhiwa darasa la nne alikuta watoto wanaoimba silabi vizuri kama kwaya ya kigango, lakini ukiwaonyesha neno peke yake wanalikodolea macho kama mgeni asiyesalimia. Nyumbani wanaongea Kinyambo. Kiswahili wanakivaa pamoja na sare na kukivua nayo. Ainembabazi alikuwa mmoja wao. Alikuwa anasoma kwa kufuata sauti ya jirani, na jirani akikohoa, naye anakohoa.

Basi Samiha akaja na riwaya. Nakala moja tu, jalada limeshonwa kwa uzi wa gunia. Kila siku anasoma kipande, akibadili sauti, mara bibi, mara mjumbe, mara mbuzi. Akifika mahali patamu anafunga kitabu, pa! Kisha kila mtoto anaandika sentensi yake: unadhani nini kitafuata? Asiyeandika, kesho hadithi inamkuta bustanini anamwagilia mchicha. Na maneno ya hadithi yanapanda ubaoni, watoto wanayasoma kwa kugombania.

Sentensi ya kwanza ya Ainembabazi ilikuwa "Mbuzi atakula." Baadaye akaandika, "Mbuzi atakula barua ya mjumbe halafu ataharisha mbele ya mkutano." Vero, aliyeishia darasa la saba na hakuwahi kuulizwa anadhani nini, aliisoma jikoni akacheka mpaka maziwa yakamwagikia moto. Siku hizi mtoto anasoma kila kitu: karatasi ya sabuni, chupa ya dawa ya kahawa, fulana ya baba yake.

Kwa hiyo Vero alikuwa akitembea na mkungu kichwani na hofu tumboni. Mwalimu Mkuu, Mwalimu Rwegasira, hakuipenda ile riwaya tangu mwanzo. "Mtihani wa Taifa hauulizi habari za mbuzi," aliwahi kusema mbele ya wazazi. Na akamwambia Samiha: malalamiko ya mzazi mmoja tu, kitabu kinaingia kabatini, ufunguo unaingia mfukoni mwangu. Sasa wazazi hao, waliokusanywa na Evangelina nyumba kwa nyumba, wanakuja kundi zima, wameacha majembe, wamebeba ndizi na kuni, mbele yao Evangelina.

Walipofika shuleni Mwalimu Rwegasira akatoka ofisini. Alipoona ndizi na khanga vichwani, akavua kofia palepale. "Nani, jamani?"

"Bibi yake Mwalimu Samiha," Evangelina akanong'ona. "Na wewe unamwacha anafundisha!"

Yule mzee akakunja uso kwa huruma, akaenda mpaka mlango wa darasa la nne. "Mwalimu, pole sana. Kwa nini hukuniambia? Ningekupa ruhusa."

Samiha akatoka, chaki mkononi. "Ruhusa ya nini, Mwalimu Mkuu?"

"Pole waitu, pole wetu," wakaitikia akina mama kwa pamoja, na mmoja akaanza kulia.

"Bibi yako," akasema Evangelina. "Tumesikia."

"Bibi yangu? Nimemwacha dukani asubuhi anamfokea mtu wa mchele."

Dirishani vichwa vya watoto vilikuwa vimeshajaa. "Ni Bibi Kokuberwa!" wakapiga kelele. "Alikufa jana! Wa kwenye kitabu!"

Yule mama aliyekuwa akilia akakatisha kilio katikati, hakujua akipeleke wapi.

"Wa kwenye kitabu," akarudia Mwalimu Rwegasira, akivaa kofia yake taratibu. "Wazazi wameacha kupalilia kwa ajili ya mtu wa kwenye kitabu. Mwalimu Samiha, nilisemaje? Lete hicho kitabu."

Vero akaona mkono wa Samiha ukikaza jalada. Dirishani akamwona Ainembabazi, mdomo wazi, kama mtu anayenyang'anywa chakula. Vero akataka kusema neno. Jovin akamtangulia kwa lake, akalia.

"Subiri kwanza," akasema Evangelina.

"Mama, hata wewe umedanganywa," akasema Mwalimu Mkuu.

"Ndiyo nimedanganywa. Lakini jembe nimeshalilaza. Ndizi nimeshabeba. Tangu lini watu wakaondoka msibani hawajaelezwa marehemu alivyougua?" Akageuka kwa wenzake. "Jamani, tangu lini?"

"Haijawahi kutokea!" wakajibu. Kweli haijawahi. Kwao, kabla ya kuzika lazima mtu asimame aeleze: alianza kuumwa lini, alipelekwa wapi, alisema nini mwisho. Bila hivyo watu wanarudi nyumbani na maneno yao wenyewe.

Macho ya Samiha yakarudia ule ujanja wake. "Ni haki yenu, mama zangu. Lakini mimi sikuwapo, nilisoma tu. Waliokuwapo ni hawa. Ainembabazi, njoo uwaeleze wazazi."

Mtoto akatoka na kitabu. Akasoma kidole kikitambaa chini ya mstari. "Bibi Kokuberwa a-ka-ji-nyoosha kitandani." Akameza mate. "Akamwambia mbuzi, Mimi nakwenda. Kahawa yangu usimwachie mtu. Akafumba macho."

"Maawe!" wakasema akina mama.

"Mpaka mwisho anasema na mbuzi," Evangelina akaguna. "Kwani ndugu hana?"

"Sasa kahawa imebaki na nani?" akauliza Mwalimu Rwegasira. Naye ana shamba. Alipoona wanamwangalia, akakohoa.

Ainembabazi akaendelea, sasa bila kujikwaa. "Watu wakajaa msibani. Giza lilipoingia, mgeni mmoja akaja. Alikuwa amekunja kitu kwapani. Lilikuwa gunia tupu..."

Samiha akanyoosha mkono, akafunga kitabu. Pa!

Kelele zilizopigwa pale, walimu wa madarasa mengine walitoka nje.

"Mwalimu Mkuu," akasema Samiha kwa upole mkubwa, "nikakifungie kabatini?"

Mwalimu Rwegasira akawatazama akina mama. "Mnalalamika, au hamlalamiki?"

"Nani alalamike?" akafoka Evangelina. "Sisi tumefiwa! Tutarudi kesho, tumjue huyo wa gunia."

Ndizi za msiba hazirudishwi nyumbani, kwa hiyo zikabaki jikoni shuleni kupikwa. Evangelina akakaa chini na kisu, akawa anamenya na kuwasimulia wenzake jinsi marehemu alivyokuwa mtu wa watu.

Samiha akamvuta Vero pembeni, nyuma ya jiko. "Mama Aine, wewe ulijua."

"Nilijua, Mwalimu."

"Na hukuwaambia?"

"Nilisema. Mara moja."

Samiha akacheka mpaka akaegemea ukuta. Kisha akashusha sauti. "Mtoto wako amesoma leo, umesikia? Sitaki kitabu kiniponyoke sasa. Sikiliza. Bibi hajafa."

"Ati?"

"Amejifanya. Anamtega mwizi wa kahawa aje msibani. Keshokutwa anafumbua macho, anamdaka mguu."

Vero akaziba mdomo kwa khanga. Wote wawili wakachungulia kule alikokuwa Evangelina, anafuta chozi kwa mgongo wa mkono ulioshika kisu.

"Siku hiyo uje mapema, Mama Aine," akasema Samiha. "Nakuomba ukae naye benchi moja, na mimi nikifika pale Bibi anapoamka, umshike. Mikono yote miwili."