Hereni Zilizotingisha Mizani

Mimi hununua vyuma chakavu. Mabomba, vitasa, feni zilizokufa, masufuria yaliyotoboka, vyote vinapanda mizani yangu pale uani na vyote vina bei. Siamini macho wala maneno, naamini mshale wa mizani. Ndiyo maana siku niliyoona hereni za shaba kwenye dirisha la duka, nyembamba kama ganda la kitunguu, na bei yake imebandikwa pembeni, nilipiga hesabu ya kilo kichwani na nusura nikae chini pale pale njiani. Watu wanalipa hivyo kwa kibati?

Nikasema, hii nami nitaiweza.

Basi ufundi uliniingia hivyo, kwa wivu wa biashara. Nikasafisha pembe ya stoo, nikaokota nyundo, tupa na mkasi wa bati kutoka kwenye lundo langu mwenyewe, na kila Jumapili nikawa nagonga. Mwanzoni nilivigonga zaidi vidole kuliko shaba. Baba watoto alikuwa anakuja mlangoni na kikombe chake cha chai, anaangalia, kisha anaondoka na kicheko amekifungia mdomoni.

Lakini nilinogewa. Shaba ukiipasha moto inalainika, ukiigonga inakaza tena, ukiisugua kwa msasa inaanza kukuangalia. Nilijikuta nawafungia watu geti ili nimalize ukingo mmoja.

Jozi ya kwanza kunipendeza ilikuwa majani mawili, niliyoyakata kwenye shaba ya kitasa cha mlango. Nikayapandisha mizani. Mshale ukatingishika. Moyo wangu ukatulia: hii ni mali.

Nikampa binti yangu, akayavaa kwenye harusi ya binamu yake. Tangu tunakaa mpaka tunanawa mikono, kichwa ameinamisha, mkono uko sikioni.

"Simu gani hiyo isiyokwisha?" nikamnong'oneza.

"Sina simu, Mama. Nimeshikilia hereni."

Mwenye akili angeelewa. Mimi nilimtengenezea nyingine, nene zaidi, nikidhani tatizo ni kulabu ya sikioni kulegea. Kila nikiuliza mbona hazionekani, ananijibu, "Nazitunza." Siku moja natafuta sindano kwenye droo yake, nikazikuta zote ndani ya soksi. Nikainua ile soksi. Ungeweza kumwangusha mwizi nayo.

Bidhaa iliyododa naijua hata gizani. Hii ilikuwa imedoda, tena kwa mteja nisiyemtoza chochote. Iliniuma kuliko nilivyotaka kukiri. Sikutaka anivalie kwa huruma. Nilitaka jozi moja tu aivae kwa kupenda mwenyewe.

Kisha akapata kazi ya mapokezi kwenye hoteli, aanze Jumatatu. Nikaimwaga ile soksi kwenye meza ya stoo, nikamwita.

"Jumatatu utavaa nini masikioni?"

Akayachukua yale majani, akayageuzageuza. "Ningependa haya, Mama. Umbo lake zuri kweli. Ila punguza."

"Nipunguze nini? Kwani nakuuzia?"

"Uzito. Bakiza robo."

"Robo! Hiyo si hereni, hilo ni ganda la karanga. Nitabakiza nusu, tena kwa kuwa ni wewe."

"Basi Mama, usijisumbue. Nina zangu za plastiki."

Akayaweka mezani, akageuka, akaenda mlangoni taratibu, bila haraka, bila kuangalia nyuma. Mbinu hiyo ni yangu. Amekulia uani pale akiniona naitumia kwa watu wazima na ndevu zao. Najua kabisa kwamba anayeondoka vile anasubiri kuitwa. Najua, na bado nikaita.

"Haya, rudi. Robo. Mnyang'anyi mkubwa we!"

"Asante, Mama," akasema, na hakuwa hata amefika kizingitini.

Nikayabana majani kwenye meno ya jiliwa, nikaanza kukata na kupiga tupa. Maisha yangu yote nimekusanya chuma, sasa nakaa kukigeuza vumbi kwa mkono wangu. Vumbi lenyewe nililikinga kwenye kopo, sijawa mwendawazimu. Nilipomaliza nikayapandisha mizani. Mshale haukushtuka hata kidogo. Nilijisikia nimeibiwa, na mwizi ni mimi.

Jumatatu asubuhi, nikiwa nakunywa chai, nikasikia droo zinafunguliwa kwa fujo, mito inarushwa.

"Mama! Zile hereni umeziweka wapi? Nachelewa!"

Akatokea sebuleni, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Majani yangu yalikuwa yananing'inia masikioni mwake, yanametameta kila akigeuza kichwa. Baba watoto akafungua mdomo aseme. Nikamkanyaga mguu chini ya meza.

"Tafuta vizuri," nikamwambia binti yangu, nikajimiminia chai nyingine. "Angalia na kwenye soksi."