Mbegu Niliyoiuza kwa Ajili ya Tamthilia

Nakumbuka asubuhi moja hapa Chumbi, mdogo wangu Zuhura, mvua za kwanza zimeshanyesha, mimi na Bibi tunakwenda kupanda, nami naomba shamba letu lisifikike. Mdomo wangu mzito, unanijua, ndiyo maana nakuandikia. Mjomba keshakuahidi simu; soma hii kabla hujaishika.

Nilikuwa kidato cha pili. Darasani nilikaa kimya kama maji ya mtungi, hadi nilipoanza kulipia tamthilia kwenye simu. Wenzangu wakawa wananiuliza, "Rukia, jana imekuwaje?" nami nikawa na la kusema. Kisha ukaja ujumbe: bei imepanda. Sikuwa na hela. Juu ya meko kilikuwa kinaning'inia kiroba cha Bibi cha mbegu ya mpunga, kwenye moshi ili wadudu wasiiguse. Nikachota bakuli moja, nikamuuzia mwenye duka. Bei ikapanda tena, na kifurushi cha intaneti nacho. Nikachota mawili, halafu manne. Bandu bandu humaliza gogo. Kila nilipochota nilijazia mapepe, yale makapi yasiyo na mchele ndani, ili kiroba kisilegee.

Basi asubuhi ile shambani Bibi akafungua kiroba, akachota mbegu za kujaa kiganja, akapuliza. Kiganjani zikabaki punje tatu.

Bi Somoe wa shamba la jirani akacheka. "Shoga, mwaka huu unapanda upepo?"

Bibi hakucheka. Siku zote huniita mke mwenza, kwa utani. Siku ile aliniita jina langu.

"Rukia, ulikuwa na njaa?"

"Hapana, Bibi. Niliiuza mimi. Nilikuwa nalipia tamthilia."

"Ilikuwa nzuri?"

"Sijaimaliza. Bei imepanda tena."

Akakung'uta kiganja. "Aliyepandisha bei hakuingia jikoni kwangu. Umeingia wewe."

Mbegu ile alipewa na mama yake, kule Mkongo, dukani haipo. Tulipanda ya kununua, tena haba, ikazidiwa na nyasi. Sasa Bibi, na mgongo wake ule, anavuna mashamba ya watu ili apate ujira wa vikapu vya mpunga. Akirudi jioni hunisalimia vizuri tu, mimi ndiye nisiyeweza kumtazama.

Kwa hiyo nisikilize, mdogo wangu. Bei zitapanda, wala hawatakuuliza. Zikipanda mara ya kwanza, acha palepale. Ukisema naongeza kidogo tu, hicho kidogo ndicho kitakachokufundisha wizi wa nyumbani kwenu. Cha kesho usikile leo, hata kama hakuna anayekuona. Na ukikosa la kusema mbele za wenzako, nyamaza. Kimya hakijamnyima mtu chakula.

Mungu akuridhishe na ulicho nacho, akupe ulimi mwepesi kuliko huu wangu, na ampe Bibi umri wa kuvuna tena kilicho chake. Amina.