Pasta Afundishwa Kunyamaza

Jumamosi nilihudhuria mafunzo ya kuwahudumia kiroho wagonjwa walio karibu kufa, katika ukumbi wa kanisa moja la wahamiaji hapa ugenini, mtaa wa Glenwood. Muuguzi wa Kirundi aliyetufundisha alimlaza mama mmoja Mkongomani, msusi wa saluni, juu ya benchi aigize mgonjwa. Pasta mmoja, naye Mkongomani, akaambiwa aketi kando yake.

Pasta hakuketi. Alivua koti, akapaza sauti, akaukemea ugonjwa mpaka madirisha yakatetemeka. Mgonjwa akafumbua jicho moja.

"Pasta, umeisha kuniponesha. Sasa nani atakufa ili tujifunze?"

Tulicheka. Muuguzi akamwomba pasta aanze upya, safari hii aulize tu.

"Mama, iko kitu unataka?"

Yule mama akafumbua macho yote mawili. "Nataka mutu wa kukaa na mimi. Mama yangu alikufia Lubumbashi, mimi niko huku. Sijue nani alimushika mukono."

Hakuwa akiigiza tena. Pasta aliketi, akamshika mkono, akafungua kinywa, kisha akakifunga. Baada ya kitambo akanong'ona, "Niombe sasa?"

"Bado," akasema mama. "Kaa kwanza."

Akakaa, kimya. Wasomaji mnaowajua wachungaji wetu mtakubali kwamba huo nao ni muujiza.