Sita Iliyoanguka Chini

Mimi sikusoma. Niliishia darasa la tano, na hilo la tano lenyewe nadhani mwalimu alichoka tu kunirudisha la nne. Leo nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Musoma, nina nyumba ya wageni, nina fuso mbili barabara ya Mwanza, na hao waliosoma wakija kununua bati wananiita bosi. Hakuna aliyenishika mkono. Naandika mwenyewe haya kwa sababu watu wameanza kuyasimulia vibaya pale sokoni, na mimi sipendi jambo langu lisimuliwe na mtu mwingine.

Wanasema nilimnyima mgonjwa ushindi. Ni kweli, nilimnyima. Sasa wasikie lilivyokuwa.

Mchezo uliletwa na mgeni. Mzungu mmoja wa kuchimba visima alikaa sana kwenye nyumba yangu ya wageni, siku ya kuondoka akaondoka mbio, akaacha sanduku. Ndani mlikuwa na askari wadogo wa plastiki, wamepakwa rangi mpaka vifungo vya shati, pamoja na dadu na kitabu cha Kiingereza. Nilitaka kuwagawia watoto wachezee. Rafiki yangu akanizuia. Yeye alifika kidato cha nne. Akawa anakaa na kile kitabu juu ya mifuko ya saruji, anasoma, anacheka peke yake, mpaka akakielewa chote akanifundisha.

Ni vita ya mezani. Unapanga jeshi lako, mwenzako anapanga lake. Askari anasogea kwa kipimo, sisi tulitumia tepu ya fundi cherehani. Ukitaka kupiga unatupa dadu. Ikija namba ndogo umekosa, ikija nne au tano umejeruhi, ikija sita umeua. Mkuu wa jeshi haumii kwa kingine chochote, ni sita tu. Akifa yeye, vita imekwisha.

Tukaongeza na ya kwetu. Vita bila ng'ombe tuliona haina kichwa, watu wa Mara tupigane tunagombea nini? Mke wa rafiki yangu, huko nyumbani kwao Butiama, akatufinyangia ng'ombe wa udongo wadogo kama kidole gumba, wana nundu na pembe, akawachoma wakawa wekundu. Mawe ya ziwani yakawa milima, kipande cha kitambaa kikawa mto. Jumapili tukitoka ibada tulikuwaga nyuma ya duka langu, mimi na yeye tunapigana, mwenye mashine ya kusaga na fundi cherehani wanatazama na kutuchokoza.

Rafiki yangu alikuwa anacheza kwa kufikiri. Alikuwa anainama mpaka jicho lake linalingana na jicho la askari, aone kama jiwe linamkinga au halimkingi. Anapima, anarudi nyuma, anapima tena. Mimi nilikuwa nasukuma watu mbele kama wanakwenda mnadani. Halafu natupa dadu, inakuja sita. Natupa tena, sita. Mpango wake wote wa mchana mzima unalala chini, na ng'ombe wake nawaswaga wanakuja upande wangu.

Hajawahi kunishinda. Hata mara moja, miaka yote hiyo. Alikuwa anasema, akiniita kijana kwa lugha ya kwetu, "Mura, hiyo siyo akili. Dadu zinakupenda tu." Mimi namjibu kwamba dadu ni kama mwanamke, hampendi mtu anayetetemeka. Mwenye mashine anacheka mpaka anakohoa unga.

Lakini tulikuwa hatubishanii dadu, wote tulijua. Sisi wawili tulianza pamoja, vijana, kuanika dagaa kwenye mchanga kule upande wa Suguti. Mzigo wake na mzigo wangu ulikuwa umetandazwa pwani moja, umeachana kama upana wa chumba. Siku moja mvua ikashuka ghafla kutoka ziwani ikauozesha wake wote. Wangu nilikuwa nimeshauzoa asubuhi, uko kwenye magunia, uko njiani Bunda. Kutokea hapo mimi nikapanda na yeye akabaki anahangaika, leo kibarua, kesho karani wa pamba. Mimi nasema niliinusa ile mvua. Yeye anasema sikunusa kitu, ni lori lilipita mapema nikalirukia, na lingepita jioni mimi ndiye ningekuwa karani wa pamba. Kwa hiyo kila Jumapili tulikuwa tunatupa dadu juu ya ile mvua.

Sukari ilipompata ilianza na vidole. Ganzi. Akishika dadu hajui kama ameishika. Kisha mguu ukapata kidonda, kikakataa kupona, Mwanza wakamwambia aje wiki inayofuata waukate. Jumapili hiyo alikuja dukani ameegemea fimbo. Akaniambia mbele ya wale wawili kwamba hataki pole yangu. Anataka vita moja, akinipiga hiyo moja atakwenda kukatwa akiwa na raha, kwa sababu atakuwa amejua.

"Utakuwa umejua nini?" nikamuuliza.

"Kwamba ilikuwa lori."

Tukapanga majeshi.

Nitasema ukweli, alicheza siku hiyo kuliko siku zote. Alinifungia njia ya mto. Alinivuta na ng'ombe watatu aliowaacha wazi makusudi, nikawafuata kama kawaida yangu, na nilipogeuka mkuu wangu wa jeshi alikuwa peke yake uwanjani, hana hata jiwe la kujificha. Dadu zangu zikanikataa. Moja, mbili, moja. Fundi cherehani akaacha kutania. Jasho lilinitoka na mimi si mtu wa jasho.

Ikabaki apate sita. Fundi akamwambia kaka, niazime nikutupie, mkono wako umechoka. Kwetu inaruhusiwa, mtu mwenye kidonda mkononi anatupiwa na mwenzake. Akakataa. Alisema akishinda kwa mkono wa fundi, mimi nitasema kashinda fundi. Na kweli ningesema.

Akaitikisa dadu kwenye kiganja. Vidole havikujua pa kuachia. Ikatoka pembeni, ikagonga ukingo wa meza, ikaanguka kwenye sakafu, ikabingirika mpaka kwenye kiatu changu. Wote wanne tuliinama.

Sita.

Sasa hapa ndipo wanaposimulia vibaya. Hawasemi kwamba tulikuwa na sheria: dadu ikigusa chini imekufa, haihesabiwi, na zamu imepita. Na hiyo sheria haikutoka kwenye kitabu cha mzungu. Aliitunga yeye, miaka ya nyuma, siku ambayo sita yangu ilianguka chini akakataa kunihesabia. Alinishikia bango kweli siku ile, mpaka nikakubali.

Mwenye mashine akasema, taratibu, "Bosi, mtu anakwenda kukatwa mguu."

Rafiki yangu alikuwa ananitazama tu. Naijua ile sura, ndiyo aliyokuwa nayo pwani mvua inanyesha, anatazama dagaa zake zinaelea.

Nikaiokota ile dadu, nikaifuta vumbi kwenye suruali.

"Imekufa," nikasema.

Zamu ikawa yangu. Nikatupa katikati ya meza, wazi, kila mtu anaona. Ikaja sita. Nikamlaza mkuu wake chali kwa kidole.

Akasema, hana hasira wala nini, "Wewe hujawahi kunishinda. Zimenishinda hizo."

Nikamwambia hizo ziko mkononi mwangu, kwa hiyo ni mimi. Akachukua fimbo yake akaenda. Ng'ombe wa mke wake aliwaacha mezani, hata wale wa upande wake.

Mguu ulikatwa chini ya goti. Alirudi Butiama, hakuja tena Musoma. Siku moja shemeji akaja dukani peke yake, amevaa kitenge cha safari. Nikamwagizia soda. Akaniambia mume wake halali vizuri, anarudia rudia ile vita kitandani, anauambia ukuta alivyonizuia mtoni. Akaniomba nimpigie simu tu, nimwambie nimefikiri, nimeihesabu ile sita.

"Shemeji," nikamwambia, "ilikuwa chini."

"Najua ilikuwa chini. Wewe sema tu."

Nikamwambia nikisema hivyo nitakuwa nimesema na ile mvua ilinipita kwa bahati. Na fuso zangu ni za bahati. Na hili duka. Nikamwonyesha kwa mkono, bati, nondo, saruji mpaka darini. Alitazama yote nilipomwonyesha. Kisha akaenda mezani kule nyuma, akawaokota ng'ombe wake mmoja mmoja akiwafunga kwenye ncha ya kitenge, akaondoka. Soda hakuigusa.

Sasa nachezaga na mwenye mashine. Siyo mchezaji, anashangilia hata akikosa. Tumetengeneza ng'ombe wengine wa mbao, wabaya, wanafanana na mbwa. Na meza nimeipigilia ubao kuizunguka pande zote, kimo cha kiganja, dadu isianguke tena. Nilifanya hivyo kwa sababu mwenye mashine anatupa hovyo. Sina sababu nyingine.

Fundi cherehani, ambaye hajui kunyamaza, alikwenda Butiama kwenye msiba akamtembelea rafiki yangu akamweleza juu ya ule ubao. Anasema jamaa alikuwa amekaa nje kwenye kiti, suruali imekunjwa imebanwa na pini. Alicheka sana. Shemeji akatoka jikoni kuona kuna nini, maana hakuwa amecheka tangu hospitali.

"Mwambie nimeelewa," akamwagiza fundi. "Mwambie aliiogopa ile sita."

Mimi siogopi. Meza ipo, ubao upo, dadu haina pa kuangukia. Nimemtuma fundi huyo huyo amwambie aje, fuso yangu inapita Butiama, dereva atambeba mpaka mlangoni. Hajaja. Akija nitampiga tena.